Dadu Iliyogeuzwa

Je, msomaji, mtu achezaye na wenziwe wa upande mmoja akibadili hesabu ya mchezo, amemdhulumu nani? Usifanye haraka kujibu.

Mwezi wa Mei 1942 maofisa wa Japani walikusanyika katika manowari Yamato, wakaujaribu mezani mpango wao wa kukishambulia kisiwa cha Midway. Wenzao wengine walishika nafasi ya Wamarekani. Ndege za kisiwani zikaja. Mwamuzi akatupa dadu, yakatoka mabomu tisa: Akagi na Kaga, meli za kuchukulia ndege, zimezama. Admirali Ugaki, msimamizi wa mchezo, akakata hukumu: yahesabiwe matatu. Akagi ikapona. Kaga, iliyokwisha kuzama, ikafufuliwa baadaye.

Tumpe haki yake. Siku ya vita vyenyewe, tarehe 4 Juni, ndege zilizoruka kutoka kisiwani hazikuipata hata moja ya meli hizo. Lakini dadu si mtabiri. Ilikuwa ikiuliza tu: mkivamiwa hamjawa tayari, mtafanyaje? Swali likanyamazishwa. Asubuhi ile ndege 41 za meli za Marekani, zenye makombora ya majini, zilikuja, nyingi zikaangushwa. Walinzi wangali chini wakishughulika nazo, wenye mabomu wakashuka kutoka juu. Kwa dakika chache Akagi, Kaga na Soryu zikawaka moto. Jioni ikapigwa Hiryu.

Mabaharia wa meli hizo hawakuwapo mezani. Hakuna aliyewauliza kama waliyaridhia yale matatu.