Kitoweo au Mzoga?

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, anaishi Minnesota, jimbo la kaskazini ya Marekani ambalo watu wake hujisifu kwa wingi wa maziwa kama sisi tunavyojisifu kwa karafuu. Siku moja aliniletea waraka mrefu. Baada ya salamu na kuulizia hali za wazee, akanieleza kwamba wenzake wa kazini walimchukua usiku mmoja kwenda kuvua kwa upinde na mshale, kwamba mchezo huo umemwingia moyoni, na kwamba sasa anataka kununua vyombo vyake mwenyewe. "Mjomba," aliandika, "wewe ulipokuwa kijana ulikuwa ukizamia na kupiga samaki kwa chuma, na kazi yako leo ni kufasiri maneno ya watu. Nisomee kijitabu hiki cha wanaoanza, kisha uniambie ninunue upinde upi."

Nilikisoma kijitabu kile kwa hamu niliyokuwa sikuitarajia. Pinde zitumikazo ni za namna mbili kubwa. Kuna upinde wa asili, ambao ncha zake zimekunjwa kwa nje. Huo ni mwepesi, hauna mengi ya kuharibika, na mpigaji anaweza kuuachia mshale kwa haraka hata kabla hajauvuta kamili. Na kuna upinde wa kapi, ambao upote wake hupita katika magurudumu madogo kama kamba za tanga zipitavyo katika kapi za jahazi. Upinde wa kapi wa mwindaji wa nchi kavu humpunguzia mtu uzito mwisho wa mvuto, apate kutulia na kulenga. Lakini samaki hangoji mtu atulie, na kwa hiyo zile zilizoundwa kwa ajili ya majini aghalabu huachiwa uzito ule ule toka mwanzo hadi mwisho. Wala nguvu nyingi hazihitajiki. Samaki hupigwa akiwa karibu, na mvuto wa ratili 30 hadi 50 humtosha mtu mzima.

Mshale nao si ule wa porini. Ni mzito, hauna manyoya, kwa sababu manyoya humpoteza mpigaji mara mshale uingiapo majini, na chembe yake ina miiba inayofunguka ili samaki asichopoke. Umefungwa uzi mnene unaotoka katika kigurudumu au kichupa kilichotiwa mbele ya upinde. Hapo pana onyo ambalo kila anayeanza hupewa: uzi ule usipite karibu na upote, kwani ukinasa, mshale humrudia aliyeutuma. Mwisho kuna miwani ya kukata mng'ao wa maji, na kwa wavuao usiku, taa kali zinazopangwa kwenye omo ya mashua.

Jibu la dukani, basi, lilikuwa jepesi. Nilimwandikia: nunua upinde wa asili uliokwishatumika, wa ratili 40, mishale miwili, na miwani nzuri, fedha itakayobaki mpelekee mama yako. Lakini nilipokwisha kuandika hayo niliona kwamba sijajibu kitu. Maana anayeuliza chombo kipi kinafaa hana budi kuulizwa: kinafaa kwa lipi?

Nilianza kukwama pale ufasiri wangu ulipokwama. Katika kijitabu kile mlikuwa na fungu la samaki ambao mtu huruhusiwa kuwapiga kwa wingi, na jina la fungu hilo kwa Kiingereza lina maana ya samaki wasio na thamani. Nilitafuta neno la Kiswahili nisilipate. "Samaki duni"? Sisi tuna samaki wa bei kubwa na wa bei ndogo. Tuna nguru wa harusi na dagaa wa siku ya mwisho wa mwezi. Lakini dagaa hatumwiti duni mbele ya mwenye njaa. Lugha yetu humtazama samaki kwa jicho jingine. Akiwa majini ni samaki. Akishatoka, ama ni kitoweo, ama ni mzoga. Hakuna jina la tatu. Nilimwuliza mpwa wangu: wale mliowapiga usiku ule mliwafanya nini? Jibu lilikawia siku mbili. Baadhi, alisema, walichukuliwa na mtu mmoja kwa mbolea ya bustani. Waliobaki walitupwa.

Sasa nitaje jambo ambalo yeye hakulijua, na ambalo mimi nililijua kwa kusoma tu. Miongoni mwa samaki waliotiwa katika fungu lile yumo mmoja, mwenyeji wa maziwa na mito ya Amerika ya Kaskazini, ambaye Wamarekani humwita nyati wa kinywa kikubwa, na wataalamu humwita Ictiobus cyprinellus. Kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa ni samaki wa maisha mafupi. Mwaka 2019 Alec Lackmann na wenzake walichapisha utafiti wao. Walikata vijiwe vya sikioni mwa samaki hao vipande vyembamba na kuhesabu duara zake, kama duara za mti zinavyohesabiwa, kisha wakazihakiki hesabu hizo kwa kaboni iliyoachwa duniani na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Samaki mmoja alikuwa na umri wa miaka 112. Na katika baadhi ya maziwa ya Minnesota waliona kwamba walio wengi sana wamepindukia miaka 80, yaani walizaliwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na kwamba tangu hapo ni wachache mno waliofanikiwa kukua nyuma yao.

Fikiri, msomaji mpenzi. Kijana wa miaka thelathini amesimama kwenye omo, taa zinawaka, na chini yake anapita kiumbe aliyeanza kuogelea wakati babu yake kijana huyo hajaoa. Dakika moja baadaye kiumbe huyo yumo katika pipa la taka. Hapakuvunjwa sheria yoyote. Hapana aliyekusudia ubaya. Je, pamefanyika kosa?

Mpwa wangu si mtu wa kunyamaza, na hoja alizonijibu nazo hazikuwa za kitoto. Kwanza alisema kwamba wengi wa samaki wanaopigwa kwa mishale ni karpi, wageni walioharibu maji ya wenyeji. Ni kweli. Karpi wa fedha aliletwa Arkansas kutoka Asia mwanzoni mwa miaka ya 1970, akatoroka, akaenea mto Mississippi na matawi yake, na leo katika mto Illinois husikia ngurumo ya injini akaruka nje ya maji kwa makundi, akawapiga watu vifuani. Kumpunguza huyo ni huduma. Nilikubali, ila kwa sharti moja. Mgeni huyo hakujileta. Sangara naye hakuomba kutiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950. Aliwala furu akawamaliza kwa makabila, na hata hivyo hatujamwita takataka, bali tumemla na kumuuza. Aliyekosa ni mkono ulioleta. Kwa hiyo hata pale kuua kunapokuwa ni wajibu, hakuwi ruhusa ya kudharau. Karpi huliwa duniani kote. Anayemtoa majini na amtafutie chungu.

Pili alisema, na hapa alinishika: "Mjomba, nyavu zenu huchukua kila kitu. Juya huburura hata mtoto wa samaki. Mimi nampiga yule ninayemwona tu. Nani kati yetu mwenye haki zaidi?" Sikuwa na la kujitetea. Juya la kukokota ni chombo kisichouliza, na baruti ni mbaya kuliko juya, kwani huua hata nyumba ya samaki. Upinde huchagua. Mtu akiniambia nichague kati ya mvuvi wa baruti na mvuvi wa upinde, sitafikiri mara mbili.

Lakini kuona si kujua, na maji yenyewe yanatufunza hivyo. Mwangaza utokapo majini na kuingia hewani hupinda, na kwa hiyo samaki huonekana juu zaidi kuliko alipo. Jambo hilo wanazuoni wamelichungua tangu zamani. Ibn Sahl wa Baghdad aliiandika kanuni ya kupinda kwa mwangaza yapata mwaka 984. Wavuvi wa upinde wana kanuni yao ya mkato: samaki akiwa umbali wa futi 10 na kina cha futi 1, lenga inchi 4 chini yake, umbali ukizidi maradufu, au kina, nawe zidisha maradufu. Anayelenga pale jicho linapomwambia hukosa. Basi ikiwa jicho linadanganya kuhusu mahali alipo samaki, seuze kuhusu umri wake, jinsi yake, na idadi ya wenzake waliobaki?

Hapa ndipo chombo kinapotofautiana na chombo. Mwenye mshipi akimtoa samaki asiyemtaka humvua ndoana akamrudisha. Mwenye dema hufungua mlango. Hao hukamata kwanza, wakajua baadaye, na bado wana nafasi ya kutubu. Mwenye upinde hana nafasi hiyo, kwani samaki aliyepenywa na chembe hata akiachiwa aghalabu haponi. Kwake yeye kujua hakuna budi kutangulie. Kwa hiyo nasema kwamba kuchagua chombo ni kuchagua makosa gani utaweza kuyarudisha na yapi hutaweza. Na kadiri chombo kinavyokunyima marudio, ndivyo kinavyokudai ujuzi kabla ya kukinyanyua.

Nayasema haya si kwa ubora wangu. Nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mbili nilikuwa na bunduki ya mpira niliyoiunda mwenyewe: kipande cha mti, mipira ya tairi na chuma kilichonolewa. Penye mwamba mmoja kusini ya kijiji chetu palikuwa na pango, na pangoni akikaa chewa mkubwa ambaye wazee walimjua. Hawakumtia jina, lakini walimsemea kama jirani. Mimi nilitaka kusifiwa. Nilimpiga kwa karibu, na kwa vile nilikuwa na pupa nilimpiga nyuma ya tumbo. Alijipinda mara moja, chuma kikachanika, akaingia ndani ya pango. Nilizamia mpaka masikio yakauma. Chuma kilirudi na magamba matatu. Siku ya tatu baba yangu alinipeleka pale kwa ngarawa, akaniambia nitazame. Maji yalinuka. Hakunigombeza, alisema neno moja tu, "Haya, kula," akageuza ngarawa. Baadaye nilikuja kusoma kwamba chewa wengi huanza maisha wakiwa majike na baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa, na nikajua kwamba huenda sikumwua mmoja.

Mshairi wa pwani hawezi kuutaja uta asimkumbuke Fumo Liyongo. Katika utendi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa huyo, baada ya kuchomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, alikwenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale katika uta na kufa katika hali hiyo. Watu wa mji wakakaa na kiu. Hawakuthubutu kuteka maji kwa kudhani kwamba aliye mbele yao yu hai na anawalenga. Mpaka alipoanguka ndipo walipojua. Kila nikikumbuka kisa hicho huona kwamba walinzi wa maji yale hawakuwa nguvu wala upote, bali ni kutojua kwa wale wanaotazama. Nasi tunaosimama juu ya maji na uta mkononi tungelifaidika na sehemu ndogo ya hofu ile.

Je, nimkataze mpwa wangu? La. Mtu aliyelelewa kisiwani akapelekwa penye baridi ana haki ya kutafuta maji na wenzake wa kukaa nao juu ya maji. Niliongeza katika orodha ya vyombo vyake mambo matatu ambayo hayauzwi. Ajifunze kumtambua karpi na nyati kwa mchana kabla ya kutoka usiku, na akiwa na shaka asivute. Asipige zaidi ya wale watakaoingia chunguni kwake au kwa jirani. Na asikose kujua, kabla mashua haijatoka, samaki watakwenda wapi. Kisha, kwa kuwa najua barua za mjomba husahauliwa na beti hukaa, nilimfungia na ubeti:

Mpwa wangu nakujibu, upinde siukatazi,
Lenga chini kwa hesabu, maji yana upotezi,
Ila tafuta sababu, kabla hujavuta uzi,
Mshale huu hurudi, uhai haurejei.

Majibu yake yalikuja baada ya wiki tatu, nayo yalikuwa picha tu, bila neno: upinde wa zamani umeegemea ukuta wa jikoni, na kwenye meko sufuria yenye mchuzi wa nazi. Samaki aliyemo sikumtambua. Nilimwita dada yangu aje aitazame. Aliitazama kwa muda, akauliza kama nazi ile ni ya kopo.