Kabla ya Kupewa Jembe

Ndugu msomaji, umewahi kukiheshimu kitu kwa sababu tu umelipa nauli kukifuata? Mimi nimewahi, na tangu siku hiyo nafsi yangu haijatulia.

Jumamosi moja sisi vijana watatu tulipanda basi alfajiri kutoka Bariadi. Tangu mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012 na mji wetu kufanywa makao makuu, nasi tumejifunza tabia za watu wa mjini: kwenda mbali kutazama mambo ya kale, jioni kurudi. Tukapita Lamadi, tukapita Magu, tukashuka Kisesa na kupanda kilimani Bujora. Huko ndiko Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alikoanzisha makumbusho ya Wasukuma katika miaka ya 1950. Tuliona kanisa la duara lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Tuliona ngoma za watemi, ambao utawala wao ulifutwa mwaka 1963. Halafu tukafika mbele ya kibanda kidogo cha nyasi, nyumba ya masamva, yaani mizimu ya ukoo. Nikavua kofia. Nikaanza kunong'ona. Mwenzangu akapiga picha.

Hapo nikamkumbuka bibi. Kibanda kama kile kilikuwepo uani kwake, Itilima, kimo chake kama mtoto wa miaka 5. Kila baada ya mavuno bibi alimwaga pombe ya mtama mlangoni pake huku akitaja majina. Mimi, eti msomi wa kidato cha pili, nilikuwa nikiwapitisha marafiki zangu upande wa pili ili wasikione. Bibi alipofariki, ukoo ukaamua kibomolewe, pale yapangwe matofali. Baba mdogo peke yake alipinga. Akanigeukia: "Wewe uliyesoma, sema neno." Nikatazama chini. Kwa kweli moyoni nilifurahi.

Sasa hebu tujiulize, jamani. Nyasi ni zile zile, masamva ni wale wale. Kulikoni Bujora nivue kofia na Itilima nione haya?

Jibu nililolipata halinipendezi. Kile cha Bujora hakikunidai kitu. Nililipa kiingilio, tukamalizana. Cha bibi kilikuwa na madai: niyajue majina, nirudi wakati wa mavuno, nishiriki palizi ya pamba, nipatane na ndugu kabla ya kukisogelea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi mtalii wa siku moja ni mgeni mjanja: anaaga kabla jembe halijatolewa ndani.

Rafiki yangu alinipinga ndani ya basi. "Acha hizo, bwana. Bila yule padre hata hizo ngoma usingeziona. Halafu wewe ni Mkristo, ulitaka umwage pombe?" Hoja yake ina uzito. Makumbusho yameokoa vitu ambavyo wengi wetu tulivitupa, na siwezi kuabudu nisichokiamini. Wala sisemi safari hizi ni dhambi. Watu wa Dodoma huenda Kolo, Kondoa, kutazama michoro ya miambani iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, na hurudi wamejifunza mengi. Lakini kwenye baadhi ya miamba ile wenyeji bado wanafanya matambiko. Mgeni na mwenyeji wanatazama mwamba mmoja. Ila mvua isiponyesha, ni mwenyeji atakayelala na njaa.

Na sisi tunaojifunza kuandika tujihadhari. Tunakwenda kijijini, tunachota methali mbili na kikohozi cha mzee, tunakimbilia mjini kuandika juu ya "mila zetu". Hiyo nayo ni safari ya siku moja.

Kibanda cha bibi sitakijenga upya. Nitakuwa naigiza. Lakini yale majina aliyokuwa akiyataja silijui hata moja lililomtangulia babu. Baba mdogo anayajua, na tangu msiba ule hatujaongea. Palizi imekaribia. Kazini nimeomba ruhusa ya siku nne.

Wewe je, mwenzangu? Ukienda kwenu unakaa siku ngapi?