Dhamana ya Motokaa na Mali ya Yatima

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewafungulia waja wake mlango wa biashara na akawafungia mlango wa riba. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baadu. Watu wa pwani na watu wa Songea wamejuana tangu zamani za misafara, wakati bidhaa za bara ziliposhuka hadi Kilwa kwa miguu na kwa vichwa vya wapagazi. Leo mzigo hupanda na kushuka kwa motokaa, na katika Lizaboni, mtaa wa mji wa Songea, mtu mwenye motokaa moja huweza kulisha nyumba mbili. Kwa hiyo biashara ya motokaa imekuwa ni biashara ya riziki, na mtu akidanganyika ndani yake hupotewa na zaidi ya chuma.

SUALA. Zaid, na jina hili ni la mfano tu kama ilivyo ada ya vitabu vya fiq-hi, ni mtu wa pwani aliyefanya maskani yake Lizaboni. Anazo shilingi 32,400,000. Theluthi mbili ni zake, na theluthi moja ni ya mayatima wa ndugu yake marehemu, naye ndiye wasii wao. Amekwenda Dar es Salaam kwa Amri, muuzaji wa motokaa zilizokwisha tumika, wakapatana pikapu kwa shilingi 30,000,000. Walipokwisha patana, Amri akatoa karatasi, akamwambia: ongeza shilingi 2,400,000, na kwa miaka miwili injini au giaboksi ikifa, kampuni itakutengenezea. Watu huiita karatasi hii waranti, au dhamana ya nyongeza. Zaid akasimama na kalamu mkononi. Akiiacha, akaja akafiliwa na injini, atawaambia nini mayatima? Akiinunua, na motokaa isiharibike, fedha zao zimekwenda wapi? Je, karatasi hii yastahili thamani yake? Na je, ni halali?

JAWABU. Jawabu la suala hili lina mambo matatu: haki aliyonayo mnunuzi pasipo karatasi yoyote, kisha hesabu ya karatasi yenyewe, kisha hukumu yake. Baada ya hayo ndipo khofu ya Zaid ipewe jibu lake, kwani khofu hiyo ni ya haki wala si ya kuchekwa.

Haki isiyonunuliwa

Mtume, rehema na amani zimfikie, alipita katika soko la Madina akatia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka, akakuta umajimaji chini. Mwenye nafaka akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuyaweka yaliyorowa juu ili watu wayaone, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Na kadhalika alikataza kufunga viwele vya ngamia na mbuzi siku ya kuuza ili vionekane vimejaa maziwa, na akampa mnunuzi aliyedanganywa khiyari ya kuzuia au kurudisha.

Kiwele kilichofungwa cha zamani zetu ni mita ya mwendo iliyorudishwa nyuma, na mafuta mazito yaliyotiwa ili injini mbovu inyamaze mpaka mnunuzi aondoke. Mwenye kuuza motokaa na hali aijua aibu yake, imemuwajibikia kuisema. Na asiposema, mnunuzi ana khiyari ya aibu, yaani kuirudisha motokaa na kupewa thamani yake. Na muuzaji akisema, nimekuuzia hivi ilivyo wala sidaiwi aibu yoyote, Imamu Nawawi katika Minhaji amebainisha kuwa kauli iliyo dhahiri zaidi ni kuwa sharti hilo humwokoa muuzaji na aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, lakini si katika kisichokuwa mnyama. Motokaa si mnyama. Basi maneno ya "hivi ilivyo" hayamwokoi Amri.

Na aibu iliyodhihiri baada ya kukabidhiwa, asili yake ni juu ya mnunuzi, ila ikiwa sababu yake ilitangulia kabla ya kukabidhiwa. Injini iliyopasuka njiani Njombe kwa ufa uliokuwamo tangu Dar es Salaam, ufa huo ni wa Amri ukithubutu.

Lakini haki hii ina adabu zake. Mwenye kuijua aibu airudishe motokaa papo hapo, asikawie pasipo udhuru, wala asiendelee kuitumia, kwani kuitumia baada ya kujua ni kama kuridhika. Na akiwa mbali na muuzaji, ashuhudishe watu waadilifu kuwa amevunja biashara, na ampelekee muuzaji khabari. Wengi hupoteza haki zao hapa: huijua aibu Jumatatu, wakabeba mahindi hadi Ijumaa, ndipo wakapiga kelele. Na sheria ya serikali pia, katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, haikumwacha mnunuzi mikono mitupu. Basi ajue Zaid kuwa sehemu ya kile anachouziwa kwa shilingi 2,400,000 ni mali yake tangu mwanzo.

Hesabu ya karatasi

Na ikadiriwe kuwa watu 100 wamenunua karatasi kama hii. Kampuni imepokea shilingi 240,000,000. Katika fedha hizo hulipwa mishahara, kodi ya nyumba, ushuru wa serikali, bakhshishi ya Amri aliyeuza karatasi, na faida ya wenye kampuni. Ikiwa hayo yote ni theluthi moja tu, zimebaki shilingi 160,000,000 za kutengenezea motokaa za watu wote 100. Basi kila mmoja, kwa wastani, ametoa 2,400,000 ili apate 1,600,000. Hapana ajabu katika hili wala hapana uchawi. Kampuni ikirudisha zaidi ya ilichopokea itafilisika, na haikufunguliwa ili ifilisike. Wako watakaopata zaidi ya walichotoa, lakini hupata kutoka mifukoni mwa wasiopata.

Kisha isomwe karatasi yenyewe mpaka mwisho, khususan maandishi madogo. Ada ya karatasi hizi ni kutoa nje vitu viishavyo kwa matumizi, kama tairi, breki, kilachi na betri, navyo ndivyo vinavyomla mwenye motokaa kila siku. Mara nyingi hutoa nje motokaa ya kukodishwa, na iliyopakizwa kupita kiasi, na iliyotengenezwa na fundi asiyekubaliwa na kampuni. Sasa Zaid atazame hali yake. Motokaa yake ni ya kubeba mizigo ya watu kwa ujira. Fundi wake yuko Lizaboni, na karakana ya kampuni iko Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 900 kwa njia ya Njombe na Iringa. Motokaa iliyokufa injini haiendi Dar es Salaam kwa miguu yake. Itabebwa juu ya lori, na ujira wa lori ni juu ya Zaid. Mtu akaaye Kariakoo huweza kupata manufaa katika karatasi hii. Mtu wa Lizaboni amenunua kisima kilicho katika mji mwingine.

Hukumu yake

Dhamana si namna moja, na mwenye kuzitia zote katika kapu moja hukosea.

Ya kwanza ni dhamana ya muuzaji mwenyewe, iliyomo ndani ya bei, kwa muda unaojulikana. Katika Minhaji, aliyenunua nguo kwa sharti muuzaji aishone, iliyo sahihi zaidi ni kuwa biashara hiyo ni batili, na kwa kipimo hicho wako walioona uzito katika sharti la matengenezo. Lakini Majmaa ya Fiq-hi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Manama mwaka 1998, ilijuzisha sharti la muuzaji kutengeneza alichokiuza kwa muda maalumu, iwapo atatoa vyombo au hatatoa. Na mwenye kutaka kushikamana na madhehebu yake, na aifanye kuwa ahadi ya muuzaji nje ya mkataba. Muislamu hutimiza ahadi yake.

Ya pili ni ujira wa kazi inayojulikana: fundi kubadilisha mafuta na chujio na kuikagua motokaa kila baada ya mwendo fulani, kwa fedha fulani. Hii ni ijara, nayo ni halali kazi na ujira vikijulikana. Na kwa motokaa ya njia ndefu hufaa kuliko karatasi nyingi.

Ya tatu ndiyo ya Zaid: fedha hutolewa leo, na kinachonunuliwa hakijulikani kama kitakuwapo, wala kiasi chake, wala wakati wake. Huenda mmoja akatwaa 2,400,000 bure, na huenda mwingine akatengenezewa kwa 6,000,000. Mtume, rehema na amani zimfikie, amekataza biashara ya gharari, na hii ni gharari katika asili ya mkataba, wala si ile chache isiyoepukika. Majmaa hiyo hiyo, katika kikao cha Jedda mwaka 1985, iliamua kuwa mkataba wa bima ya kibiashara wa malipo maalumu una gharari kubwa yenye kuuharibu, na kwa hiyo ni haramu. Karatasi ya Amri ni ndugu yake, ijapokuwa imevaa jina jingine. Na asiseme mtu kuwa kuridhiana kwatosha. Wacheza kamari nao huridhiana.

Khofu ya wasii

Sasa Zaid atasema: yote haya nimeyasikia, lakini injini ikifa mwezi wa tatu, mayatima hawatakula hesabu wala hukumu. Neno hili ni la kweli, na asiyelijibu hakumsaidia.

Wako watakaomwambia atawakali, na kutawakali ni wajibu. Lakini Mtume alimwamuru mwenye ngamia kumfunga kwanza kisha atawakali. Kujihadhari ni katika dini. Suala si kufunga au kutofunga, bali ni kama kamba hii imefungwa penye mti, au imefungwa hewani.

Kamba ya kwanza ni kabla ya kununua. Zaid asiingie sokoni peke yake. Achukue fundi mwaminifu asiyekuwa wa Amri, ampe ujira wake, aifungue motokaa na aijaribu mlimani. Kisha Amri aandike kwa mkono wake aibu anazozijua, na mashahidi watie saini. Muuzaji anayekataa kuandika amekwisha jibu.

Kamba ya pili ni zile shilingi 2,400,000 zenyewe. Asizitoe, azihifadhi mbali, ziitwe fedha za motokaa, zisiguswe kwa harusi wala kwa safari. Injini ikifa mwezi wa tatu, ziko zote tangu siku ya kwanza, wala hapana mtu wa kumwambia kuwa kilichovunjika hakimo katika karatasi. Zisipotosha, zimepunguza deni. Na isipokufa, fedha ni zake na za mayatima, kila mmoja kwa fungu lake. Na nisabu na mwaka vikitimia zitolewe zaka, kwani katika madhehebu ya Imamu Shafi'i hata mali ya yatima ina zaka, na walii ndiye mwenye kuitoa.

Kamba ya tatu ni ndugu zake. Maash'ari, chakula kilipowapungukia, walikuwa wakikusanya walicho nacho katika nguo moja kisha wakagawana sawasawa, na Mtume akawasifu hata akajinasibisha nao. Wenye motokaa kumi wa Lizaboni waweza kufanya sanduku, kila mmoja atoe kwa nia ya tabarrui, si kwa nia ya kununua. Anayepatwa asaidiwe, na kinachobaki ni cha wote. Kikao cha Jedda kilichoharimisha bima ya biashara ndicho kilichouelekeza umma kwenye bima ya kusaidiana, na Sudani ilikwisha kuwa na kampuni ya namna hiyo tangu mwaka 1979. Lakini sanduku lisilo na daftari na waaminifu wawili huzaa uadui; basi liandikwe.

Na limebaki neno moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Ikiwa baada ya haya yote Zaid bado hapati usingizi, na aulize khofu yake inamwambia nini. Huenda haimwambii kuwa amekosa karatasi. Huenda inamwambia kuwa ameweka mali yote ya mayatima juu ya magurudumu manne. Mwenyezi Mungu amekataza kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo nzuri zaidi. Wasii ana ruhusa ya kuifanyia biashara ikiwa ina maslaha nao, lakini ruhusa ya biashara si ruhusa ya kuibahatisha. Karatasi haiondoi hatari iliyo kubwa mno. Huifunika tu, na aliyeifunika huthubutu kuibeba. Njia iliyo salama ni kununua motokaa ndogo zaidi au ya bei ya chini kwa fedha zake mwenyewe, na fungu la mayatima liwe katika kitu kisichovunjika kwa jiwe moja la njiani, kama shamba au kiwanja, na mashahidi wajue kiasi chake.

Basi kalamu iwekwe chini. Karatasi hiyo haistahili thamani yake kwa mtu wa Lizaboni, wala si halali yake. Na Zaid akiiacha kisha hasara ikamfika baada ya kujihadhari, hana lawama mbele ya mayatima, kwani mwenye amana haulizwi yaliyoandikwa na Mola, huulizwa aliyoyafanya yeye.

Mwenyezi Mungu awape wauzaji wetu ulimi wa kweli, na wanunuzi wetu macho ya kuona, na mawasii wetu khofu ya Siku ambayo haina dhamana ya kununuliwa. Wallahu aalamu bissawabu.