Rangi Nne na Haki ya Kuuliza

Je, mtu aweza kusema kuwa ajua jambo ambalo akili yake haiwezi kulikagua lote? Swali hili la kale lilipata sura mpya katika elimu ya hesabu.

Mwaka 1852 kijana Mwingereza, Francis Guthrie, alipokuwa akipaka rangi ramani ya majimbo ya Uingereza, aliona kuwa rangi nne zatosha kuyatenga majimbo yote yaliyopakana. Je, zatosha kwa kila ramani iwezayo kuchorwa? Ndugu yake, Frederick, alilifikisha swali kwa mwalimu wake, Augustus De Morgan, huko London. De Morgan hakuweza kulijibu.

Mwaka 1879 Alfred Kempe alitoa uthibitisho. Wenye elimu waliusoma, wakausifu, na kwa miaka 11 ukaaminiwa. Mwaka 1890 Percy Heawood akaonyesha ufa ndani yake. Alichoweza kuokoa ni kuwa rangi tano zatosha. Kempe alilikiri kosa lake.

Mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken, wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, waliipunguza kazi mpaka zikabaki namna za ramani karibu 1,900, wakaipa kompyuta izikague. Ilitumia zaidi ya saa 1,000. Rangi nne zilithibitika, lakini hesabu ile ilikuwa ndefu mno kwa mtu kuipitia kwa mkono. Wengi walinung'unika kuwa kujua ni kuona sababu, na kuambiwa jibu hakutoshi.

Nung'uniko hilo lina haki, maana jibu lisilo sababu ni kama mali isiyojulikana ilikotoka. Lakini uthibitisho wa Kempe ulipita mbele ya macho ya watu hodari, na macho yale yakapitiwa. Basi jicho la mtu halina ubora wa kutosha kuwa mizani peke yake, na mashine vivyo hivyo. Kosa la Kempe lilifichuka kwa kuwa hapakuwa na marufuku ya kumhoji. Kazi ya mwaka 1976 nayo ilihojiwa: mwaka 1997 wanahesabu wanne walizipunguza namna zile hata zikawa 633, na mwaka 2005 Georges Gonthier alipitisha uthibitisho wote, hatua kwa hatua, katika programu ya kukagua hoja.

Kila mtu huyategemea mengi asiyoyakagua, kama dawa anywayo na daraja apitalo. Kutegemea huko hakumwondolei heshima, maadamu aulizaye hafungiwi mlango. Siku mlango utakapofungwa, hata hesabu iliyo sahihi itakuwa imeshuka daraja, nayo itapokewa kama amri.