Simu Yako Haitakucheka: Fungua Mdomo Useme

Wapo vijana wengi waliofaulu mitihani, wanaosoma gazeti la Kiingereza wakalielewa vizuri, lakini wakiitwa kwenye usaili na kuambiwa wajieleze kwa dakika mbili, koo linakauka. Maneno wanayo. Kinachowakimbia ni ujasiri. Ndugu msomaji, kama nawe ni mmoja wao, leo nazungumza na wewe.

Kwanza ujue kwamba hofu hiyo hukuzaliwa nayo. Katika shule zetu za msingi za serikali hapa Tanzania umesoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Ukaingia kidato cha kwanza, na ghafla baiolojia, jiografia na historia zote zikawa kwa Kiingereza. Ukainua mkono kujibu swali, ukakosea, darasa zima likaangua kicheko. Siku ya pili hukuinua mkono tena. Miaka ya kunyamaza haimtengenezi msemaji! Wewe si mjinga, wala ulimi wako si mzito. Ulikosa mahali pa kukosea bila kuchekwa.

Mahali hapo sasa pamo mfukoni mwako.

BBC ilianza kufundisha Kiingereza redioni mwaka 1943, na enzi hizo aliyepitwa na kipindi ndiyo kapitwa. Leo masomo ya BBC Learning English yapo kwenye intaneti bila malipo, pamoja na vipindi vya dakika sita vyenye maandishi ya kufuatilia. YouTube inakuruhusu kupunguza kasi ya msemaji na kuirudia sentensi ileile mpaka uridhike. Hakuna anayekugunia, hakuna anayekuharakisha.

Lakini nisikilize vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapokwama. Kutazama peke yake hakukupi ujasiri. Unaweza kumaliza bando la mwezi mzima kwa video za masomo, na bado ukaulizwa swali dogo ukababaika. Ujasiri hautangulii kusema. Huja baada ya kusema. Usingoje kwanza uwe tayari. Kila dakika unayosikiliza, ifuatishe na dakika ya kusema.

Anza hivi. Sikiliza sentensi moja, simamisha, kisha itamke kwa sauti kama ulivyoisikia. Ukishazoea, fungua kinasa sauti, ueleze siku yako ilivyokwenda. Jisikilize, rekebisha, rekodi tena. Ile rekodi ya kwanza usiifute. Mwezi ukiisha ndiyo itakayokuonyesha ulipotoka.

Kisha weka kibodi ya simu kwenye Kiingereza, bonyeza alama ya maikrofoni, uanze kusema. Simu itaandika ilichosikia. Ikiandika tofauti na ulichokusudia, rudia polepole. Wakati mwingine kosa litakuwa la simu, lakini mara nyingi utaiona silabi uliyoimeza.

Panda ngazi nyingine: programu ya akili mnemba. Iambie ijifanye meneja wa hoteli ya Arusha anayekusaili kazi ya mapokezi, ikuulize swali moja moja, na mwishoni ikuonyeshe makosa yako. Taarifa zake usizimeze zote, kwani nayo hukosea, lakini kwa mazoezi ya kuuliza na kujibu haichoki.

Baada ya hapo, nenda kwa watu, maana usaili utafanywa na watu. Tafuta wenzako wanne, mfungue kundi la WhatsApp lenye sheria mbili: tunatuma sauti, si maandishi; na anayekosea anarekebishwa, hachekwi. Kila siku mmoja atoe mada: mechi ya jana, bei za sokoni, biashara anayotaka kuanzisha. Bando likiwa dogo msikate tamaa, kwa kuwa ujumbe wa sauti hutumia data kidogo kuliko video. Vipindi navyo vipakue mahali penye Wi-Fi, uvisikilize ukiwa kwenye daladala.

Na lafudhi yako isikutie aibu. Duniani, waliojifunza Kiingereza baada ya lugha yao ya kwanza ni wengi kuliko waliozaliwa nacho. Mnigeria anacho chake, Mhindi anacho chake, na biashara zao zinakwenda. Mtalii anayekwenda Serengeti anataka mwongozaji anayeeleweka. Hajaja kutafuta sauti ya London. Sema wazi, sema taratibu, simama na lafudhi yako.

Wala usikubali kuambiwa kwamba kujifunza Kiingereza ni kukidharau Kiswahili, au kwamba asiyekijua Kiingereza hana akili. Kiswahili ni chako, hakuna wa kukunyang'anya. Kiingereza unakiongeza ili mlango wa kazi, wa masomo au wa soko usifungwe usoni pako kwa sababu ya woga.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Utakwama, utachanganya nyakati, neno utalitafuta usilipate. Endelea! Usiku wa leo, kabla hujalala, jirekodi dakika moja tu: jina lako, shughuli yako, na unachotaka kukifanya mwaka ujao. Kesho rudia, keshokutwa ongeza dakika. Usisubiri kozi, usisubiri mfadhili, usisubiri woga uishe. Simu unayo na sauti unayo. Sema.