Utalalamika Mpaka Lini? Ingia Ukumbini!

Wewe unayejua kila kilichoharibika mtaani kwako, hebu nijibu: mara ya mwisho kuingia katika ukumbi wa bunge la kaunti yako ilikuwa lini?

Kimya.

Basi nikuulize jepesi zaidi. Nani wanakaa kwenye bodi ya shule anayosoma mwanao? Nitajie wawili tu.

Kimya tena.

Lakini mtaro ulioziba unaujua. Taa ya barabarani iliyozimika tangu uchaguzi uliopita unaijua, na unayedhani alikula pesa zake unamtaja kwa jina, kwa sauti, mbele ya chai na mandazi. Hoja unazo. Kumbukumbu unayo. Ulimi unao. Watu wanakusikiliza, wanatikisa vichwa, wanasema, "Huyu angekuwa kiongozi, tungefika mbali."

Angekuwa!

Hilo halikuumi? Mtu mzima, akili timamu, kipaji tele, unamaliza mwaka wa tano ukisifiwa kwa kazi ambayo hujaifanya hata siku moja?

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Bajeti inasomwa, wewe hupo. Mswada unajadiliwa, wewe hupo. Wazazi wanachagua wawakilishi wa bodi ya shule, wewe umetuma udhuru kwa simu. Kisha unashangaa kwamba lako halipo?

Kenya ina kaunti 47 na wadi 1,450. Nairobi peke yake ina wadi 85, Kisumu 35, Mombasa 30. Kila wadi ina kiti kimoja, na kila kiti hutafutiwa mtu upya kila baada ya miaka mitano. Viti 1,450! Halafu unaniambia nchi hii haina nafasi?

Nafasi ipo. Mtu ndiye hajaamka.

Najua kinachokudanganya. Unadhani kazi ya mwakilishi wadi ni gari kubwa, msafara, na bahasha ya harambee kila Jumamosi. Unadhani ni lazima kwanza uwe na pesa za kumwaga ndipo uitwe mheshimiwa. Nani alikufundisha hivyo? Walioshika viti wakashindwa na kazi!

Isome sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza mwakilishi wadi kujiingiza katika utekelezaji. Hajengi barabara. Hanunui dawa za zahanati. Hatoi kandarasi. Kazi yake ni kuwawakilisha watu, kutunga sheria, na kuwasimamia wanaotumia fedha za kaunti. Kwa maneno mengine, analipwa ili asome, asikilize, na aulize.

Asome. Asikilize. Aulize.

Katika hayo matatu, lipi linahitaji utajiri? Lipi linahitaji baba aliyewahi kuwa waziri? Lipi huwezi kulianza wiki hii?

Sikiliza habari ya mwanamke mmoja wa Kisumu. Grace Onyango alikuwa mwalimu. Alishika chaki kabla ya kushika mamlaka. Akaingia katika baraza la mji kama diwani, wakati ambapo baraza lilikuwa ukumbi wa wanaume na hakuna aliyekuwa amemwandalia mwanamke kiti. Mwaka 1965 akawa meya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza kuwa meya nchini Kenya.

Je, alisubiri nchi itulie? Tazama mwaka 1969. Julai, waziri Tom Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi. Oktoba 25, Rais Jomo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali, ghasia zikazuka, askari wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku, na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akawekwa kizuizini. Mji ulikuwa na matanga. Mji ulikuwa na hofu. Ungekuwa wewe, ungesema nini? "Huu si wakati wa siasa"?

Desemba hiyo hiyo Grace Onyango alisimama kugombea ubunge wa Kisumu Mjini. Akashinda. Akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuingia Bunge la Kenya huru, akakaa humo kwa zaidi ya mwongo mmoja. Alifariki Machi 2023, na kila mwanamke anayeapishwa leo kuwa mwakilishi wadi anapita katika njia ambayo mwalimu yule aliifyeka.

Sasa niambie tena kisingizio chako. Kiseme kwa sauti, tukisikie pamoja.

Aibu, sivyo?

Mwangalie alivyopanda. Darasa, baraza la mji, umeya, ubunge. Hakuanzia kileleni. Wewe unataka kuanza na bango lenye picha yako na kaulimbiu, kabla hujawahi kukaa kwenye kikao kimoja cha kuchosha hadi mwisho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Umewahi kuinama?

Inama basi. Anzia shuleni.

Ndiyo, shuleni. Katika bodi ya usimamizi, kile kikao ambacho kila mtu anakikwepa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeipa kila shule ya umma bodi yake. Humo wamo wawakilishi sita wa wazazi na jamii, mwakilishi wa walimu, wawakilishi wa mfadhili wa shule, na mtu wa kuwasemea wenye mahitaji maalumu. Bodi hiyo ndiyo inayopokea fedha za shule na kuzitolea hesabu. Ndiyo inayoajiri wapishi, walinzi na makarani. Ndiyo inayotakiwa kuhakikisha kuna madarasa na vyoo.

Haya si mamlaka? Ulikuwa unasubiri mamlaka gani mengine?

Ingia nami katika kikao kimoja. Meza ndefu, chupa ya chai, karatasi ya ajenda yenye mambo saba. Mwalimu mkuu anasoma taarifa ya fedha haraka haraka, kama anayekimbizwa na kengele. Mjumbe mmoja yuko kwenye simu. Mwingine anatazama saa. Wa tatu amelifikia tayari jambo la mwisho, "mengineyo", kwa sababu baada yake kuna chakula. Kwenye ukurasa wa pili, mstari wa nne kutoka chini, pameandikwa: ukarabati, shilingi elfu themanini. Mwenyekiti anauliza kama taarifa imekubaliwa. Mikono inaanza kupanda.

Hapo ndipo wewe unaposema: "Mwalimu, samahani. Hizi elfu themanini zilikarabati nini?"

Hujatukana mtu. Hujampiga mtu picha ukamrusha mitandaoni. Umeuliza. Na ghafla aliyekuwa kwenye simu ameiweka chini, aliyetazama saa anatazama karatasi, na mwalimu mkuu anafungua faili kutafuta risiti. Labda risiti ipo na kila shilingi imefika ilikotakiwa. Mshukuru, kikao kiendelee. Labda haipo. Kwa vyovyote, kuanzia siku hiyo taarifa ya fedha haitasomwa tena kwa mbio katika chumba hicho.

Swali moja limefanya hayo. Lako.

Anayeweza kuulizia elfu themanini za shule, kesho ataulizia mamilioni ya kaunti. Aliyeshindwa na zile hataziweza hizi. Atanyamaza kwenye ukumbi mkubwa vilevile alivyonyamaza kwenye mdogo, ila sasa kwa mshahara.

Na usidhani bodi na wadi ni dunia mbili. Nenda katika shule yoyote ya msingi yenye chekechea ndani ya ua mmoja. Mtoto akiwa chekechea, yuko chini ya serikali ya kaunti, kwa sababu Katiba imeipa kaunti elimu ya awali. Akihamia Gredi ya Kwanza, pengine mlango wa pili tu, yuko chini ya serikali ya kitaifa. Mtoto ni yule yule. Sare ni ile ile. Vumbi ni lile lile. Paa la chekechea likivuja, jawabu liko kwa kaunti. Paa la Gredi ya Kwanza likivuja, ni wizara na bodi. Wangapi mtaani kwako wanajua tofauti hiyo? Wangapi wanapoteza miaka wakibisha mlango usiokuwa wao?

Wewe ukiijua, tayari umewapita nusu ya watakaochapisha mabango.

"Lakini sina chama."

Nani kakuambia lazima uwe na chama? Katiba ya 2010, kifungu cha 193, inamruhusu mwaniaji huru kugombea kiti cha wadi iwapo anaungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Mia tano! Mhudumie mtu mmoja kwa siku. Mmoja tu. Mwonyeshe mzazi mmoja jinsi ya kuomba basari. Mwandikie mama mboga mmoja barua kwa afisa wa soko. Msindikize mzee mmoja kufuatilia kitambulisho cha mjukuu. Katika mwaka mmoja na nusu utakuwa umeshawapita 500, na watu hao hutahitaji kuwabembeleza watie sahihi.

Watakuuliza kalamu iko wapi.

"Lakini sina pesa."

Kukaa kwenye jukwaa la umma katika bunge la kaunti kunagharimu kiasi gani? Katiba inasema vikao vya bunge la kaunti ni vya wazi kwa umma. Umewahi kuingia? Au unaogopa askari wa getini kuliko unavyoogopa miaka mitano mingine ya taabu?

"Lakini sina wakati."

Hapo sasa unanikasirisha. Saa mbili za mpira unazo. Saa tatu za kuchambua siasa za Nairobi unazo. Huna nusu saa ya kusoma ukurasa mmoja wa bajeti ya kaunti yako, ukurasa unaotaja zahanati anayojifungulia mkeo?

Wakati unao. Umeugawa bure!

Serikali yenyewe ina kalenda, na haikusubiri. Kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa kaunti wa mwaka unaofuata unatakiwa uwe umefika bungeni. Kufikia Februari 28, waraka wa mkakati wa fedha. Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti. Julai 1, mwaka mpya wa fedha unaanza. Wewe hujitokeza lini? Agosti, barabara ikiwa haimo kwenye orodha, ndipo unaanza kupiga kelele. Kwa barabara gani? Iliyotakiwa kuandikwa mwaka uliopita, ukiwa umelala?

Andika tarehe hizo ukutani. Zikariri kuliko ratiba ya ligi. Ukumbi wa umma ukiitishwa kutoa maoni, fika mapema, keti mbele, na uje na karatasi. Usije na hasira peke yake. Hasira haina mahali pa kuandikwa kwenye bajeti. Sema: mtaa fulani, barabara fulani, urefu huu, shule mbili na zahanati moja ziko juu yake, mvua ikinyesha wajawazito hawapiti. Omba maneno yako yaingie kwenye kumbukumbu za kikao. Mwaka ujao rudi na kumbukumbu hizo mkononi.

Utapuuzwa mara ya kwanza. Rudi.

Utaitwa mchochezi. Rudi.

Utaambiwa, "Subiri kwanza, zamu yako itafika." Zamu gani? Nani anaigawa? Grace Onyango angesubiri zamu, angeacha dunia akiwa mkewe fulani aliyekuwa na maoni mazuri.

Huenda ukagombea ukashindwa. Sawa. Bodi ya shule itakuwa bado ipo, kalenda ya bajeti itakuwa bado inakwenda, na wewe utakuwa unajua kusoma hesabu ambazo mshindi wako anazisaini bila kuzielewa. Hapo nani wa kumwogopa mwenzake?

Uchaguzi Mkuu ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Wapo watakaoamka miezi mitatu kabla ya siku hiyo, wakope, wachapishe fulana, wapotee. Usiwe mmoja wao. Anza sasa, kabla ya kamera, kabla ya fulana, wakati kazi ni kazi tu na hakuna anayepiga makofi. Miezi hii ya ukimya ndiyo inayotofautisha kiongozi na mtafuta kura.

Kwa hiyo kesho asubuhi usiniambie unafikiria. Umefikiria vya kutosha!

Nenda shuleni, umuulize mwalimu mkuu kikao kijacho cha wazazi ni lini na wawakilishi wa bodi wanachaguliwa lini. Nenda ofisi ya wadi, uulize ni miradi gani imeandikiwa mtaa wako mwaka huu wa fedha, na ni kwa shilingi ngapi. Wakikuzungusha, uliza tena. Wakikuuliza wewe ni nani, jibu bila kutetemeka: mpiga kura wa wadi hii.

Kisha waambie utarudi Jumatatu.

Na Jumatatu urudi!