Dawa ya moyo, “sumu ya panya” na tawakkul

Kuna maneno yanayozunguka sana mitaani, na mengine yanasemwa kwenye baraza za misikiti yetu baada ya swala, kwamba wagonjwa wa moyo siku hizi wanapewa sumu ya panya. Anayesema huwa na uhakika: kijana wake amesoma kwenye simu, au jirani kasimuliwa na muuza duka la dawa. Anayesikiliza, ambaye pengine kidonge hicho hicho kimo mfukoni mwake, hurudi nyumbani akakitupa. Baada ya muda tunakwenda kumjulia hali mtu aliyepooza upande mmoja, ulimi mzito, hata kutamka Shahada ni shida. Tunatoka pale tukisema: qadar ya Allah.

Ni kweli, ni qadar ya Allah. Lakini hebu tujiulize, nani katuambia kuwa qadar imo kwenye kiharusi tu, kwenye kidonge haimo?

Maradhi ninayoyazungumzia madaktari huyaita fibrilesheni ya atria. Kwa lugha nyepesi ni moyo kupiga ovyo. Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu na viwili vya chini huisukuma mwilini na kwenye mapafu. Katika afya, vyumba vya juu hukamua kwa amri moja. Kwa mgonjwa huyu amri hutoka kila upande, mara 300 hadi 600 kwa dakika, na vyumba vile havikamui tena bali vinatetema tu. Ni kama safu za waumini wasio na imamu, huyu anarukuu, yule anasujudu, mwingine ndiyo kwanza anafunga swala. Wapo wanaohisi moyo ukirukaruka, pumzi zikikatika na kizunguzungu. Wapo wasiohisi kitu mpaka wapimwe. (Na wapo wanaoambiwa ni jini, hasa ikiwashika usiku. Kisomo wasomewe, ruqya ni Sunna, lakini wapimwe na moyo pia.) Sababu zake ni nyingi: presha, umri, tezi ya shingo, na kwetu sisi ipo pia homa ya rumatiki ya utotoni, ile inayotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, ikaja kuharibu vali za moyo ukubwani.

Hatari kubwa si kule kurukaruka. Hatari ni kwamba damu isiyokamuliwa hutuama, hasa katika kifuko kidogo mfano wa sikio kilichopo upande wa kushoto wa moyo, na damu iliyotuama hufanya donge. Donge likichomoka likapanda kichwani, hicho ndicho kiharusi. Mwenye maradhi haya ana hatari ya kiharusi takriban mara 5 ya asiyekuwa nayo, na kama vali imebanwa kwa rumatiki, hatari inapita hapo.

Sasa hiyo sumu ya panya. Jina lake ni warfarini, na historia yake haina haja ya kufichwa. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani na Kanada walikuwa wakifa kwa kutoka damu baada ya kula majani yaliyooza. Mwanakemia Karl Link wa Wisconsin na wenzake wakaigundua sababu yake, na kutokana na kazi hiyo mwaka 1948 ikatengenezwa sumu ya panya. Mwaka 1954 iliruhusiwa kwa matibabu ya binadamu, na mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani, alipopatwa na shambulio la moyo, alitibiwa kwayo. Kwa hiyo anayesema ni sumu ya panya hakusema uongo, kasema nusu. Nusu aliyoiacha ni kipimo. Mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara kwa kipimo kiitwacho INR, ambacho kwa mtu asiyetumia dawa huwa karibu 1 na kwa mgonjwa wetu hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Ikishuka, donge linarudi. Ikipanda sana, damu inavuja. Dawa hii ikitumiwa kwa kipimo hupunguza viharusi kwa karibu theluthi mbili. Aspirini, ambayo wengi hudhani inatosha, haifiki hata karibu.

Katika darsa yetu ya baada ya Alasiri yupo mzee mmoja, karani mstaafu wa bandarini, ambaye ana maradhi haya. Siku moja aliniuliza mbele ya watu: “Ustadh, kama ajal yangu imeandikwa, kidonge kitaisogeza?”

Nilimjibu: “Hakiisogezi, mzee wangu. Lakini hujaonyeshwa ilipoandikwa.” Kisha nikamkumbusha Sayyidna Umar (r.a) alipofika Sargh, njiani kuelekea Sham, akapata habari ya tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a) alimuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akakubali kwamba anaikimbia, lakini anaikimbilia qadar ya Allah vile vile.

Na kwa wenye maradhi ya moyo hasa, Abu Daud amepokea kwamba Saad bin Abi Waqqas (r.a) aliugua, Mtume (s.a.w) akaja kumtazama, akaweka mkono kifuani mwake, akamwambia kuwa ana maradhi ya moyo, kisha akamuelekeza kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif kwa sababu alikuwa tabibu. Wanazuoni wamezungumza juu ya mlolongo wa wapokezi wake, na wapo waliosema Harith huyo hakuwa amesilimu, wakaifanya kuwa hoja ya kujuzu kutibiwa na asiyekuwa Mwislamu. Mimi linalonigusa ni jingine. Mkono wa Mtume (s.a.w) umekwishagusa kifua, na bado mgonjwa anatumwa kwa tabibu.

Je, kujitibu ni wajibu? Hapa ndipo tunapochanganya mambo. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilipambanua: asili ya kujitibu ni jambo la kisharia, lakini huwa wajibu pale ambapo kuacha kunapelekea kupoteza nafsi, kiungo au kuwa kilema, huwa sunna pale ambapo kuacha kunadhoofisha mwili tu, huwa mubaha, na huwa makuruhu pale ambapo inahofiwa tiba italeta madhara makubwa kuliko ugonjwa.

Ukiyaweka matibabu ya moyo huu kwenye mizani hiyo utaona hayana hukumu moja. Dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa mwenye hatari kubwa (mzee, mwenye presha, kisukari, vali mbovu, au aliyewahi kupata kiharusi), kwa ufahamu wangu iko jirani kabisa na wajibu, kwani kinacholindwa ni nafsi na viungo. Mwenye hatari ndogo huenda asiihitaji kabisa. Lakini ipi? Zipo dawa mpya zisizohitaji INR, kama rivaroksabani na apiksabani, na kwa wengi ni nzuri, ingawa bei yake inauma. Ila mwenye vali iliyobanwa kwa rumatiki asikimbilie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kuwa wagonjwa wa rumatiki waliotumia warfarini na jamii yake walifariki wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Ghali si lazima iwe bora kwako. Na mwanamke anayetumia warfarini akitaka kubeba mimba amuone daktari kabla, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Ama kuurudisha moyo kwenye mapigo yake, hilo ni jingine. Unaweza kuachwa upige ovyo lakini upunguzwe mbio kwa vidonge. Au urudishwe kwa dawa au kwa umeme. Au aingizwe mgonjwa mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, zichomwe sehemu zinazoleta fujo. Utafiti wa mwaka 2002 haukuona anayerudishiwa mapigo kwa dawa akiishi zaidi ya anayepunguziwa mbio tu. Ule wa mwaka 2020 ukaona faida kwa walioanza kurudishiwa mapigo mapema, ndani ya mwaka mmoja tangu kugundulika. Kuchoma nako humsaidia sana anayesumbuliwa na dalili, ila wengine hulazimika kurudia, na mwenye hatari kubwa ya kiharusi huendelea na dawa ya damu hata akichomwa.

Watoto wa yule mzee walitaka kuuza kiwanja wampeleke India akachomwe. Yeye hana dalili za kumsumbua, anatembea hadi msikitini kwa miguu yake. Alikataa, wakamuona mkaidi. Nikawaambia vijana: yule mwanamke mwenye kifafa aliyekuja kwa Mtume (s.a.w) alipewa hiari, asubiri apate Pepo au aombewe apone, naye akachagua subira, akaomba tu asifunuke nguo anapoanguka. Hakuitwa mkaidi. Baba yenu ana hiari katika kuchomwa. Katika kidonge cha damu hiari yake ni finyu, na hapo ndipo pa kumbana.

Anayetumia dawa hizi pia asende kupigwa chuku bila daktari wake kujua. Hijama ni Sunna, hakuna anayebisha, lakini kuchanja ngozi ya mtu ambaye damu yake haigandi upesi ni kumtia hatarini. Abu Daud amepokea kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, akafutiwa rukhsa na wenzake wasiojua, akaoga, akafa, Mtume (s.a.w) aliwalaumu vikali, kwa nini hawakuuliza. Vile vile mtumiaji wa warfarini asinunue Septrin, Flagyl au diklofenaki dukani kwa mazoea, maana humzidishia hatari ya kuvuja damu. Mchicha na kisamvu hakatazwi, ila ale kwa kiasi kisichobadilika sana, si leo sahani tatu na wiki nzima hakuna.

Kupimwa damu mchana wa Ramadhani hakubatilishi funga, na hilo nalo Baraza lilitamka mwaka 1997. Warfarini hunywewa mara moja, ikae baada ya futari. Rivaroksabani inataka chakula, nayo iende na futari. Apiksabani ni mara mbili, na kwetu Afrika Mashariki kutoka futari ya saa 12 na nusu jioni hadi daku ya saa 10 alfajiri ni zaidi ya saa 9, si mbali na zile 12 zinazotakiwa, lakini si zenyewe. Mgonjwa aliyedhoofu Qur'an (2:184-185) imempa ruhusa, aichukue bila kuona haya. Aliye imara amuulize daktari wake tangu Shaaban, asisubiri usiku wa mwandamo.

Wallahu aalam.